Jinsi ya Kulinganisha Mchapuko wa Sedani Kubwa na Gari Dogo Jepesi

Katika yadi za magari za Mombasa, swali la nguvu ya gari mara nyingi hujibiwa kwa sisi (cc) za injini, yaani ujazo wa silinda zake: hili ni elfu moja, lile ni elfu mbili na mia tano, na mnunuzi huondoka akiamini kwamba lenye injini kubwa ndilo litakalochanganya haraka kuliko mwenzake. Sisi peke yake hazitoshi kulijibu swali hilo. Mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi huongezeka kila sekunde, hutegemea nguvu inayofika kwenye magurudumu ikigawanywa kwa uzani wote unaosukumwa, na katika uzani huo wamo abiria, mizigo na mafuta yaliyo tangini. Ndiyo maana gari dogo jepesi laweza kuitangulia sedani kubwa likiwa na dereva peke yake, kisha likaachwa nyuma na sedani ile ile siku ambayo yote mawili yamejaa watu.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya ulinganisho huo kwanza kwa karatasi na kalamu, halafu barabarani, kwa vifaa ambavyo dereva wa kawaida tayari anavyo. Ninayemfikiria zaidi ni mtu anayetoka Mombasa na familia yake kuelekea Voi, akiwa nyuma ya malori ya makontena, kwa sababu hapo ndipo mchapuko unapokuwa jambo la uhai wa watu na si la kujivunia mbele ya marafiki.

Hatua ya kwanza: amua unalinganisha nini

Kuna kuondoka gari likiwa limesimama, kama vile kwenye taa au kuingia raundabauti, na kuna kuongeza mwendo gari likiwa tayari linakwenda, kama vile kulipita lori. Gari moja laweza kushinda katika la kwanza na kushindwa katika la pili. Watengenezaji na majarida ya magari hupenda kutaja muda wa kutoka 0 hadi kilomita 100 kwa saa, lakini dereva wa Mombasa ni nadra kuufanya mwendo huo wote kwa mfululizo. Napendekeza vipimo viwili: kutoka 0 hadi 50, kwa kuwa 50 ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa mijini chini ya sheria za trafiki za Kenya, na kutoka 50 hadi 80, ambao ndio mwendo hasa wa kulipita lori kwenye barabara kuu.

Hatua ya pili: kusanya takwimu za kila gari

Unahitaji uzani wa gari likiwa tupu, nguvu ya juu ya injini, na aina ya giaboksi. Kwa gari lililotoka Japani, uzani umeandikwa kwa kilo kwenye cheti cha kuliondoa gari nchini humo, ambacho muuzaji mwaminifu hatasita kukuonyesha. Kwenye cheti hicho utaona namba mbili za uzani. Ndogo ni ya gari lenyewe. Kubwa ni ya gari pamoja na abiria wake wote, na Wajapani humhesabu kila abiria kuwa na kilo 55, kiasi ambacho ni kidogo mno kwa watu wazima wengi ninaowafahamu. Chukua namba ndogo, kisha uongeze mwenyewe watu wako kwa uzani wao wa kweli.

Nguvu ya injini huandikwa kwa kiloweti au kwa nguvu za farasi. Magari ya Japani hutumia kipimo cha farasi ambacho mmoja wake ni sawa na kiloweti 0.7355, kwa hiyo farasi 100 ni takribani kiloweti 74. Hakikisha unatumia kipimo kimoja kwa magari yote, na hakikisha takwimu ni za injini iliyomo ndani ya gari hilo, kwa kuwa jina moja la gari huuzwa likiwa na injini tatu au nne tofauti.

Nitatumia mifano mitatu. Wa kwanza ni Toyota Mark X ya toleo la pili, lililoanza kuuzwa mwaka 2009, yenye injini ya silinda sita ya sisi 2,500: ina farasi 203, sawa na kiloweti 149, na uzani wa takribani kilo 1,510. Wa pili ni Toyota Vitz ya sisi 1,000 ya toleo la tatu, yenye farasi 69, sawa na kiloweti 51, na uzani wa takribani kilo 970. Wa tatu ni Suzuki Swift Sport iliyotoka mwaka 2017, ambayo nayo ina uzani wa kilo 970 ikiwa na gia za mkono, lakini injini yake ya sisi 1,400 ina turbo, yaani kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, na hutoa farasi 140, sawa na kiloweti 103. Nimeiweka hiyo ya tatu kwa makusudi, ili msomaji asidhani kwamba gari dogo daima ni dhaifu.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya farasi kwa tani, kwanza tupu kisha limejaa

Chukua uzani wa gari, ongeza dereva wa kilo 75, badilisha jumla iwe tani, kisha gawanya farasi kwa tani hizo. Mark X yenye dereva peke yake ina tani 1.585, na hivyo inapata farasi 128 kwa kila tani. Swift Sport ina tani 1.045 na inapata farasi 134. Vitz, yenye uzani ule ule wa Swift Sport, inapata farasi 66. Hadi hapa gari dogo lenye turbo limeitangulia sedani, ijapokuwa sedani ina farasi 63 zaidi yake.

Sasa rudia hesabu hiyo hiyo ukiwa na watu wazima wanne wa kilo 75 kila mmoja na mizigo ya kilo 40, yaani kilo 340 kwa jumla. Mark X inafika tani 1.85 na inabaki na farasi 110 kwa tani. Swift Sport inafika tani 1.31 na inabaki na farasi 107. Mpangilio umegeuka. Abiria ni wale wale na mizigo ni ile ile, lakini kwa sedani nzito wameongeza takribani asilimia 17 ya uzani uliokuwepo na dereva peke yake, na kwa gari jepesi wameongeza asilimia 25. Vitz kwa upande wake imeshuka hadi farasi 53 kwa tani, chini ya nusu ya Mark X.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Gari hujaribiwa mtu akiwa na muuzaji tu pembeni, linaonekana jepesi na lenye haraka, kisha linakwenda kufanya kazi ya kubeba watu watano na magunia ya mahamri ya harusi hadi Mtwapa. Lilinganishe katika hali utakayolitumia, wala si katika hali uliyouziwa.

Hatua ya nne: geuza hesabu iwe sekunde za kulipita lori

Farasi kwa tani hukuambia nani yuko mbele, lakini hakuambii kwa muda gani. Ili kupata sekunde, anza na nishati. Kasi ya kilomita 50 kwa saa ni mita 13.9 kwa sekunde, na 80 ni mita 22.2. Zidisha kila moja kwa yenyewe, toa ndogo kutoka kwa kubwa, gawanya kwa mbili, nawe utapata takribani 150: hizo ndizo jouli, yaani vipimo vya nishati, ambazo kila kilo ya gari na vilivyomo ndani yake inahitaji ili kupanda kutoka 50 hadi 80.

Mark X iliyojaa, yenye kilo 1,850, inahitaji jouli 277,500. Injini haikai kwenye kilele cha nguvu zake muda wote, na sehemu ya nguvu hupotea kwenye giaboksi na mashafti, kwa hiyo mimi hukadiria kwamba asilimia 60 tu ya nguvu iliyoandikwa ndiyo itakayofanya kazi kwa wastani. Hiyo ni kiloweti 89, na ukitoa kama 6 zinazoliwa na upepo na msuguano wa matairi, zinabaki 83. Kiloweti moja ni kilojouli moja kwa kila sekunde, kwa hiyo gawanya kilojouli 277.5 kwa 83 upate sekunde 3.3. Swift Sport iliyojaa, kwa njia hiyo hiyo ila ukitoa kama 5 badala ya 6 kwa kuwa gari dogo ni jepesi, inatumia sekunde 3.5. Vitz iliyojaa, nayo ukiitolea 5, inabaki na kiloweti kama 25.6 za kusukuma kilo 1,310, na inahitaji sekunde 7.7.

Tofauti ya Mark X na Vitz ni sekunde 4.4. Lori linalokuja mbele yako kwa kilomita 80 kwa saa litakuwa limesogea karibu mita 100 katika muda huo wa ziada. Sitaki msomaji aipite sentensi hiyo upesi, kwa sababu dereva aliyezoea sedani na akaazimwa gari dogo kwa safari ya siku moja huendelea kuamua kupita kwa macho ya sedani; nafasi anayoiona kuwa inamtosha ilimtosha kwenye gari jingine.

Hatua ya tano: zingatia yale ambayo karatasi haionyeshi

Mlima ni wa kwanza. Mteremko wa asilimia 5, yaani mita 5 za kupanda kwa kila mita 100, humnyang'anya kila gari takribani mita 0.49 kwa sekunde kwa sekunde, liwe zito au jepesi. Unyang'anyi huo ni sawa kwa wote, lakini maumivu si sawa. Mark X katika mfano wetu, ukigawanya tofauti ya kasi ya mita 8.3 kwa sekunde zake 3.3, ina mchapuko wa takribani 2.5, kwa hiyo inapoteza kama moja ya tano. Vitz ina takribani 1.1, na inapoteza karibu nusu. Anayepanda kutoka Miritini kuelekea Mazeras akiwa na gari dogo lililojaa atalihisi jambo hilo mguuni: kanyagio limefika sakafuni, injini inapiga kelele, na sindano ya spidi inasogea taratibu.

Kiyoyozi nacho huchagua wa kumwonea. Tuseme kompresa yake inachukua kiloweti 3. Kwa injini ya kiloweti 149 hizo ni asilimia 2, na kwa injini ya kiloweti 51 ni asilimia 6. Kwa joto la Mombasa wachache husafiri wakiwa wamekizima, kwa hiyo pima kikiwa kinafanya kazi katika magari yote mawili.

Kisha kuna hewa yenyewe. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana gari lililopimwa Nairobi, ambako ni zaidi ya mita 1,600 juu, haliwezi kulinganishwa moja kwa moja na lililopimwa hapa pwani. Sisi tuko kwenye usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nzito na injini inapumua vizuri. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, kwa hiyo Swift Sport ambayo hapa inakwenda bega kwa bega na Mark X inaweza kuitangulia waziwazi kule juu. Joto pia hupunguza uzito wa hewa: tofauti ya alfajiri yenye nyuzi 24 na adhuhuri yenye nyuzi 33 ni takribani asilimia 3.

Kuhusu upepo unaokatwa na gari lenyewe, inatosha kujua kwamba magari haya yote hutumia takribani kiloweti 8 kupasua hewa kwa kilomita 100 kwa saa, kwa sababu sedani ni ndefu na pana lakini ina umbo laini. Kiasi hicho ni asilimia 5 ya nguvu za Mark X na asilimia 16 za Vitz. Kadiri kasi inavyopanda, msaada wa wepesi wa gari dogo huzidi kupungua, na ukubwa wa injini huanza kutawala.

Kwa upande wa kuondoka ukiwa umesimama, angalia magurudumu yanayosukuma. Gari likichomoka, uzani hulalia nyuma. Mark X husukuma kwa magurudumu ya nyuma na hivyo hupata mshiko zaidi, ilhali magari madogo mengi husukuma kwa ya mbele, ambayo wakati huo huo yanapungukiwa na uzani. Kwa Vitz hilo si tatizo, kwa kuwa haina nguvu ya kuyafanya matairi yateleze kwenye lami kavu. Kwa Swift Sport ni tatizo la kweli, hasa kwenye barabara za karibu na ufuo ambako mchanga hupeperushwa juu ya lami.

Hatua ya sita: yatayarishe magari

Jaza upepo wa matairi kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Sawazisha mafuta: tangi la lita 70 likijaa lina zaidi ya kilo 50 za petroli, kwa hiyo weka nusu tangi katika kila gari. Toa vitu vyote vilivyosahaulika kwenye buti.

Kagua breki kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Hewa yetu ya chumvi hutafuna vyuma, na pini za breki zikishika kutu, pedi hubaki zikiigusa diski hata mguu ukiwa umeondoka kwenye kanyagio. Endesha kilomita chache bila kufunga breki kwa nguvu, simama, kisha usogeze kiganja karibu na rimu ya kila gurudumu bila kuigusa. Ukisikia moja ni la moto kuliko wenzake wote, gari hilo halijawa tayari kupimwa. Lipeleke kwa fundi kwanza, kwani utakachokuwa unapima ni kutu.

Hatua ya saba: pima

Barabara ya umma si uwanja wa mashindano, na magari mawili yasipangwe sambamba hata kama barabara ni tupu. Pima moja, kisha jingine, na dereva awe yule yule. Kipimo cha 0 hadi 50 kinafaa kufanyiwa kwenye eneo binafsi lenye lami, kwa idhini ya mwenyewe. Kipimo cha 50 hadi 80 kinahitaji barabara iliyonyooka nje ya mji, mahali panaporuhusu kasi hiyo, pasipo na makaazi, shule wala kituo cha matatu. Baada ya sala ya alfajiri, mwanga ukishapambazuka, ndio wakati bora: magari ni machache, hewa ni baridi kidogo, na upepo wa bahari haujaanza kuvuma.

Ili kujua kama barabara ni tambarare, simamisha gari, weka gia huru, kisha uachie breki. Hata likisogea kidogo tu, pana mteremko. Kwa hali yoyote, pima ukielekea upande mmoja na kisha upande wa pili, uchukue wastani. Kwa njia hiyo mteremko mdogo hujifuta wenyewe, na vilevile upepo, iwe ni kaskazi au kusi.

Spidomita haiaminiki moja kwa moja. Kanuni za kimataifa haziruhusu ionyeshe chini ya kasi halisi, lakini zinairuhusu kuzidisha, kwa hiyo watengenezaji karibu wote huizidisha. Washa programu ya GPS kwenye simu, endesha kwa mwendo usiobadilika hadi GPS ionyeshe 50, na uangalie sindano imesimama wapi. Ikiwa imesimama kwenye 54, basi kwa gari hilo 54 ndiyo 50 yako. Fanya vivyo hivyo kwa 80. Kila gari lina kosa lake, na ukiliruka jambo hili ulinganisho wote utakuwa na walakini tangu mwanzo.

Usitumie GPS hiyo hiyo kupima sekunde. Simu nyingi husasisha kasi mara moja tu kwa sekunde, na kosa la sekunde nzima ni kubwa kuliko tofauti kati ya Mark X na Swift Sport. Njia nzuri ni abiria wa nyuma kuirekodi dashibodi kwa video, akiishikilia simu katikati ya viti viwili vya mbele huku mkanda wake umefungwa. Video ya kawaida ina picha 30 kwa sekunde. Nyumbani, isogeze picha moja baada ya nyingine, hesabu kuanzia pale sindano inapogusa alama yako ya 50 hadi inapogusa ya 80, kisha gawanya kwa 30. Picha 105 ni sekunde 3.5.

Dereva asiangalie simu wala asihesabu. Kazi yake ni barabara. Afikie 50, atulie kidogo, kisha akanyage mafuta hadi mwisho. Gari la otomatiki liachwe lijichagulie gia, kwa kuwa muda wa kushusha gia ni sehemu ya kulipita lori. La gia za mkono lipimwe likiwa kwenye gia ambayo dereva angeichagua kwa kweli. Rudia mara tatu kila upande, ukiiacha injini ipoe kidogo baina ya majaribio, na uchukue matokeo ya katikati badala ya yale bora.

Hatua ya nane: yasome matokeo

Tofauti ya chini ya moja ya kumi ya muda ichukuliwe kuwa sare, kwani dereva hataihisi na kipimo chenyewe hakina uhakika wa kiwango hicho. Sekunde ulizopata zikizidi makadirio ya hatua ya nne kwa zaidi ya robo, shuku hali ya gari kabla ya kushuku hesabu, hasa kama ni gari lililokwisha kutumika miaka mingi.

Kwa anayezunguka kisiwani, kutoka Tononoka hadi Mwembe Tayari na kurudi, Vitz inatosha kabisa, na kulipa mafuta ya silinda sita kwa ajili ya foleni hakuna maana ninayoiona. Kwa anayesafiri peke yake mara kwa mara, gari dogo lenye turbo hutoa mchapuko wa sedani kwa tangi dogo. Kwa anayebeba watu wanne wazima na mizigo hadi bara kila mwisho wa mwezi, ningemshauri achukue sedani, au gari lingine lolote ambalo, likiwa limejaa, linabaki na farasi 90 au zaidi kwa kila tani.

Andika matokeo pamoja na tarehe, idadi ya watu waliokuwa ndani na kama kiyoyozi kilikuwa kimewashwa, na uyahifadhi pamoja na karatasi za sevisi. Baada ya mwaka, pima tena katika hali hiyo hiyo. Muda ukiwa umeongezeka kwa zaidi ya moja ya kumi, mwombe fundi aanze na filta ya hewa, kisha plagi, kisha oili ya giaboksi, kabla hajagusa kitu kingine chenye gharama.